Aliyeongoza askari mwaka 1843 ni Kallergis

Mmeandika kwamba Jenerali Makriyannis ndiye aliyeongoza askari na kumpindua Mfalme Otto wa Ugiriki mwaka 1843. Hapana, si Makriyannis. Aliyewatoa askari kambini na kuwapeleka mbele ya ikulu ya Mfalme Otto pale Athens, usiku wa kuamkia Septemba 3, 1843, ni Dimitrios Kallergis, kamanda wa wapandafarasi. Makriyannis alikuwa mmoja wa waliopanga njama ya kudai katiba, tena kwa muda mrefu, ila usiku ule nyumba yake ilizingirwa na polisi. Bila Kallergis kuharakisha mambo, huenda wote wangekamatwa.

Wala Otto hakupinduliwa siku ile, kama mlivyoandika. Alitokea dirishani, akazungumza na Kallergis aliyekuwa chini juu ya farasi, na mwisho akakubali katiba, iliyotoka 1844. Kiti cha ufalme alikipoteza 1862.

Huyu Kallergis hatajwi inavyostahili. Asili yake Krete, akasomeshwa Urusi, akarudi kupigania uhuru wa Ugiriki kutoka kwa Waosmani (Waturuki). Mwaka 1827, katika vita vya kuiokoa ngome ya Akropoli, Waosmani walimteka wakamkata sikio, na akaachiwa kwa fidia tu. Baadaye akawa waziri wa vita katika serikali ya waziri mkuu Mavrokordatos, 1854 hadi 1855. Alifariki 1867.

Angalizo: mkikuta kwingine imeandikwa Septemba 15, ni siku hiyohiyo. Ugiriki ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 12.