Paka wangu ananuka mdomo

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina paka jike wa miaka saba, tunamwita Pamba. Siku hizi mdomo wake unanuka sana, mate yanamchuruzika, na nikimpa dagaa anainamisha kichwa upande mmoja, anatafuna kidogo, kisha anawatema. Jirani anasema ni uzee tu, nimsugue meno kwa chumvi na limau. Tuna pia mbwa wa umbo dogo, Simba, ana miaka miwili, na meno yake ya nyuma yameanza kuwa ya manjano. Je, naweza kuwapiga mswaki kwa dawa ya meno ya watoto wangu? Na mifupa haisaidii?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na Pamba, maana huyo anaumwa sasa hivi. Uzee haunukishi mdomo wa paka. Anainamisha kichwa ili atafunie upande usiouma, na mate yanamtoka kwa sababu kinywa kinamuuma. Mpakate karibu na dirisha penye mwanga. Usimpanue kinywa, mnyanyue tu mdomo wa juu kwa kidole gumba mpaka uone meno ya nyuma. Ukikuta mstari mwekundu pale fizi inapokutana na jino, ugonjwa ndio kwanza umeanza na fizi zinaweza kupona kabisa. Lakini fizi zikiwa zimerudi nyuma mpaka mzizi unaonekana, au jino linacheza, ujue mfupa unaolishika umeshaanza kuliwa, na mfupa huo haurudi.

Limau na chumvi, acha kabisa. Kupaka limau kwenye fizi yenye kidonda ni kumtesa, na hatakuruhusu tena kumshika mdomo. Tena nakuomba sana: usimpe Panadol hata kipande. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, damu yake hushindwa kubeba hewa, na nusu ya kidonge cha mtu mzima inaweza kumuua. Naisema hata bila kuulizwa kwa sababu watu huitoa kwa huruma.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Kama hujui uanzie wapi, uliza ofisi ya mifugo ya halmashauri yenu. Meno ya paka husafishwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Anayekuambia atakwangua ukoga paka akiwa macho, mkatalie: atang'arisha jino kwa juu na kuacha uchafu ulio chini ya fizi, nao ndio unaokula mfupa. Uliza pia kama wana eksirei ya meno, kwani paka wana ugonjwa mwingine unaoyeyusha jino kuanzia kwenye mzizi, na mara nyingi hauonekani kwa macho. Huenda akang'olewa meno kadhaa. Usiogope. Paka aliyebaki na meno machache yasiyouma hula vizuri kuliko mwenye yote 30 yanayomuuma.

Simba bado yuko kwenye hatua ya kinga, na hapo kazi yote ni yako. Kila siku utando laini wa bakteria hujijenga juu ya jino, na kitambaa tu kinatosha kuutoa. Ukiuacha siku chache, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ukoga mgumu kama chokaa, usiotoka tena kwa mswaki. Ndiyo maana nasisitiza kila siku. Mbwa wadogo huathirika zaidi, kwa kuwa meno 42 yamebanana kwenye taya dogo.

Dawa ya meno ya watoto usitumie. Mbwa hajui kutema, atameza floridi yote, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, utamu unaoshusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na unaoweza kuharibu ini. Duka la dawa za mifugo likiwa na dawa ya meno ya wanyama, nunua. Lisipokuwa nayo, tumia maji matupu, kwani kinachosafisha hasa ni kule kusugua.

Siku za mwanzo chovya kidole kwenye maji uliyochemshia samaki, yasiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu damu ya mbwa na paka), umpitishie kwenye fizi kwa nje. Akizoea, funga kitambaa safi kidoleni. Baadaye tumia mswaki laini wa mtoto mdogo, uuinamishe kuelekea pale jino linapotokea kwenye fizi. Sugua upande wa shavuni tu, hasa meno makubwa ya juu nyuma, nusu dakika kila upande, na uache kabla hajachoka.

Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo. Mifupa migumu ya ng'ombe nayo hupasua lile jino kubwa la juu. Kitu ambacho ukucha wako hauwezi kukibonyeza kidogo ni kigumu mno kwa meno yake.

Pamba usimguse kwa mswaki sasa. Subiri atibiwe, fizi zipone, na daktari akuruhusu, kisha anza naye kwa kidole vilevile kama Simba.