Elimu ya fedha sekondari ianzie kwenye karatasi ya malipo ya korosho

Mtaala mpya umeleta Elimu ya Biashara kwa wanaoingia kidato cha kwanza, na ni jambo jema sana. Hofu yetu kwa shule za Mtwara na Lindi ni mwanafunzi kukariri maana ya bajeti, kufaulu mtihani, kisha kurudi Tandahimba au Ruangwa asiweze kusoma karatasi ya malipo ya baba yake.

Mwalimu, anzia hapo. Pata nakala moja ya malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ufute jina na namba ya akaunti. Tuseme kilo 180 za korosho, bei ya mnada shilingi 2,800 kwa kilo: jumla 504,000. Makato yakiwa 250 kwa kilo ni 45,000, zinabaki 459,000. Wengi hukosea kwa kuzidisha kilo zote kwa bei ya daraja la kwanza, hata zile za daraja la pili. Wengine husahau makato, kisha wanadhani mzazi kaibiwa. Kila kato liandikwe na jina lake. Lisilo na jina, mzazi akaliulize kwenye mkutano wa chama.

Sasa gawanya 459,000 kwa miezi 11, Desemba hadi Oktoba, mpaka korosho za msimu mwingine. Ni kama 41,700 kwa mwezi. Ada imefutwa tangu 2016, lakini Januari kuna sare na madaftari, na ikifika Juni salfa, dawa ya mikorosho, inatakiwa shambani, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua. Fedha ya salfa itengwe siku malipo yanapoingia. Ikisubiri itakayobaki, haibaki.

Kangomba, yaani kuuza korosho kwa mlanguzi kabla ya mavuno, ipewe kipindi kizima. Mtu anachukua laki moja mwezi wa nane kwa ahadi ya kilo 100 mwezi wa kumi na moja. Kwa bei ile ile, baada ya makato, kilo hizo zingempa 255,000. Basi amelipa 155,000 juu ya laki, kwa miezi mitatu tu. Mkopo wa kikundi wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi ungemgharimu 30,000. Nao si nafuu, ila tofauti ni 125,000. Wanafunzi wasiachwe wakadhani wazazi hawajui hesabu: wengi huingia kangomba kwa ugonjwa au njaa, ndiyo maana akiba ndogo ya dharura inatakiwa kabla ya Agosti.

Na tafadhali, kipato cha nyumbani kwa mtoto kisisomwe darasani. Mpe kila mmoja namba za kubuni. Za kwao atazifanyia hesabu na wazazi wake.