Niliyemwomba radhi siye niliyemkosea

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu bila miwani, maana nilikuwa sisomi tena, nawaza tu. Unauliza: ikiwa ndani ya mwili mmoja zinaishi nafsi mbili, na kila moja inaiona dunia kivyake, ni ipi kati yao inayoiona dunia ya kweli?

Nimejaribu kulijibu. Lakini kila nikilishika linanigeukia na kuwa swali jingine ambalo wewe hukuliuliza: ukimkosea mmoja wao, radhi unamwomba nani?

Unajua namzungumzia nani. Unajua pia shangazi yako alilelewa na nani mpaka alipofika miaka 9, na yaliyofanyika katika nyumba ile sitayaandika. Tuliyasema mara moja, yanatosha. Lakini habari ya baiskeli hujawahi kuisikia. Hata mama yako nilimpa nusu yake tu.

Nilikuwa na miaka 17. Jioni moja nilimkuta amekaa ngazini anapiga mluzi. Sasa, shangazi yako hakujua kupiga mluzi. Tangu utotoni tulikuwa tukimcheka: anabinua midomo, inatoka hewa tupu. Jioni ile alikuwa anapiga wimbo mzima, tena kwa madaha, mguu unafuatisha. Akaniangalia akasema, “Ile baiskeli ichukue. Mimi siipandi.” Furaha niliyoipata! Mluzi sikuuliza. Nani anauliza habari za mluzi akiwa kapewa baiskeli?

Asubuhi akanikuta naipangusa. “Nani kakuruhusu?” Nikadhani ananitania. Akaapa kwamba hajanipa kitu. Basi nikamwita mwongo, mbele ya wazazi na wageni waliokuwepo, na nilipoona wameshtuka nikarudia, kwa sauti zaidi. Hakunijibu. Alitazama viganja vyake, kimoja, halafu cha pili, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu alikiweka wapi. Nina umri huu na bado naviona viganja vile.

Ilipita miezi. Siku moja nikausikia tena ule mluzi, na safari hii nilisimama. Akaniambia, bila hasira yoyote, “Ulimwita dada yako mwongo. Mimi ndiye niliyekupa. Yeye hakuwepo.” Nikaomba radhi pale pale, nikalia kama mtoto. Akaniwekea mkono kichwani akasema yamekwisha. Usiku ule nililala usingizi mzito. Kulipokucha, shangazi yako akanipita mlangoni na ukimya wake uleule wa miezi yote. Yaliyosemwa jana hayakumfikia.

Kinachouma kipo. Umenisikia nikilisema hili tangu ulipong’oka jino la kwanza, na nitalisema tena hapa, kwa sababu ndilo jibu langu lililo karibu zaidi na swali lako. Aliyekatwa mguu bado anaweza kusikia maumivu ya kidole cha mguu ambao haupo. Mguu si kweli tena. Maumivu ni kweli tupu. Kwa hiyo usiniulize yupi aliiona dunia ya kweli. Niulize yupi aliumia. Aliyeumia ni yule wa asubuhi.

Miaka mingi baadaye nilimsoma John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza. Katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694 anasema kwamba mwili mmoja ukiwa na fahamu mbili zisizojuana, moja ya mchana na moja ya usiku, basi hao ni watu wawili, kama Socrates na Plato walivyokuwa wawili. Na kumwadhibu Socrates aliye macho kwa mawazo ya Socrates aliyelala, ambayo yeye hakuyajua kabisa, ni sawa na kumwadhibu pacha kwa kosa la pacha mwenzake. Nilikifunga kitabu. Mtu aliyekufa karne tatu zilizopita ananieleza habari ya baiskeli.

Lakini ngoja. Locke ameuegemeza utu wote kwenye kumbukumbu, na hapo namtilia shaka. Mimi sikumbuki nusu ya niliyoyatenda nikiwa na miaka 17, na si kwamba aliyeyatenda ni jirani. Wataalamu wa akili wa Marekani nao, mwaka 1994, waliliacha lile jina la “haiba nyingi” wakaita hali hiyo mtengano wa utambulisho. Kwa maelezo yao hakuna umati mle ndani. Kuna mtu mmoja ambaye vipande vyake havikupata kuungana, mara nyingi kwa sababu ya mateso ya utotoni. Ikiwa ni hivyo, radhi yangu ilifika. Iliingia kwa mlango wa nyuma, lakini nyumba ni ile ile. Ningependa sana iwe hivyo, na ndiyo maana naiogopa. Nadharia inayonipunguzia deni namna hiyo siiamini haraka.

Halafu kuna lile neno mwongo. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga waliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa zile nyuzi, karibu milioni 200, zinazounganisha nusu mbili za ubongo. Katika jaribio moja la Gazzaniga, nusu ya ubongo inayosema ilionyeshwa mguu wa kuku, na nusu isiyosema ikaonyeshwa theluji. Kisha mgonjwa akaambiwa achague picha zinazohusiana na alichokiona. Mkono wa kulia, unaoongozwa na nusu inayosema, ukachagua kuku; wa kushoto, unaoongozwa na ile isiyosema, ukachagua beleshi, la kuzolea theluji. Alipoulizwa beleshi la nini, hakusita: la kusafishia banda la kuku! Hakuwa anadanganya. Aliyekuwa akisema hakuiona theluji, akaeleza kwa alichokuwa nacho. Soma hapo tena, mwanangu, kisha unifikirie mimi na sauti yangu mbele ya wageni.

Kuhusu dunia yenyewe, nakumbuka habari ya mwanamke mmoja wa Ujerumani mwenye hali kama ya shangazi yako. Baadhi ya nafsi zake zilikuwa vipofu, nyingine zinaona. Madaktari walipoupima ubongo wake, mwitikio wa kuona ulikuwepo nafsi inayoona ilipokuwa mbele, na ilipokuja iliyo kipofu haukuonekana. Macho ni yale yale, mwanga ni ule ule. Utasema huu ni ushahidi kwamba dunia ni mbili. Mimi nasema meza ya chumbani mle ilikuwa moja, na kipofu angejigonga nayo. Kinachouma kipo.

Walikuwa wangapi, basi? Ukinibana ningesema wawili. Hapana, futa hilo. Sina haki ya kuwahesabu. Mtu mmoja au wawili waliishi maisha yale, mimi niliazima baiskeli tu.

Umeuliza pia mwishoni kama nilipata kuzungumza naye kabla hajafariki. Yule wa asubuhi, hapana. Mwanzo niliona aibu, baadaye nikajiambia yameshapita, na kujiambia huko kukachukua miaka 30. Wakati wa kupanga vitu vyake nilikuta daftari la kijivu. Wote wawili waliandika humo, nadhani ndiyo njia waliyoachiana habari. Kwenye ukurasa mmoja, kwa penseli, mwandiko umelalia kushoto: “Kaka yako ameomba radhi. Nimempokelea.”

Chini yake, kwa wino, ule mwandiko wa shangazi yako unaoufahamu: “Mimi bado.”

Daftari ninalo. Ukija nitakupa usome mwenyewe.

Baba yako