Barua kwa mwanangu: anayetia kabari

Mwanangu,

Umeniandikia kwamba wenzako wa kazini hapo Dodoma wanasema sisi Wakenya tunauana kwa sababu makabila yetu ni mengi mno, nawe unataka kujua kama ni kweli.

Si kweli, na ushahidi wa kwanza uko hapo ulipo. Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Sisi tuna arobaini na kitu. Kisha watazame Wasomali: lugha moja, dini moja, na bado serikali yao ilisambaratika mwaka 1991, koo zikapigania Mogadishu mtaa kwa mtaa. Watafiti wawili, James Fearon na David Laitin, walichambua vita 127 vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza kati ya 1945 na 1999. Walipolinganisha nchi zenye kipato kinachokaribiana, hawakuona kwamba yenye makabila mengi ndiyo hupigana zaidi. Walichokiona ni umaskini na serikali dhaifu.

Kabila ni ufa kwenye gogo. Gogo halijipasui lenyewe, lazima mtu atie kabari na mwingine ashike nyundo.

Kabari yetu kubwa ni ardhi, na hapa mjini Nairobi ni chumba cha kupanga. Mtaa wa Kibera sehemu kubwa ulijengwa juu ya ardhi ya serikali. Mwenye nyumba mara nyingi hana hati. Kwa miaka mingi alichokuwa nacho ni ruhusa ya chifu. Mpangaji naye hana mkataba, ana neno tu. Kodi ikileta mvutano hakuna karatasi ya kupeleka mbele ya hakimu, kwa hiyo kila upande huita watu wake, na watu wa karibu kuwaita ni wa kabila lako. Mwishoni mwa 2001 Rais Moi na Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo, walisema hadharani kwamba kodi za Kibera ziko juu. Wapangaji wakagoma kulipa kodi ya zamani, wenye nyumba wakakataa kushusha, watu wakafa. Magazetini ikawa ni vita vya wenye nyumba Wanubi na wapangaji Waluo. Mimi nasema ilikuwa kodi, na viongozi waliotamka jambo bila kuweka utaratibu wa kulitekeleza.

Baada ya uchaguzi wa 2007 mambo yalikuwa yaleyale kwa kiwango kikubwa zaidi. Waliofukuzwa mitaa ya Huruma, Mathare na Kibera wengine walikuta vyumba vyao vina watu. Hapa ndipo nataka utulie kidogo. Anayekaa bure ndani ya chumba cha mwenziwe hahitaji kumchukia. Inatosha asitake arudi. Chuki huja baadaye, ya kuhalalisha godoro lililokwisha kutandikwa.

Halafu kuna suala la refa. Tarehe 30 Desemba 2007 jioni matokeo yalitangazwa, na muda mfupi baadaye Rais Mwai Kibaki akaapishwa tena Ikulu jua likizama. Upinzani ukasema hauendi mahakamani kwa sababu hauziamini. Penye ushindani mkali, asiye na refa anayemwamini huingia uwanjani kwa mawe. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliokufa 1,133. Kati yao, 405 waliuawa kwa risasi. Risasi si silaha ya jirani, mwanangu. Wanaotaja mapanga peke yake wanaisahau serikali.

Katiba ya 2010 iliziba sehemu ya pengo hilo: siku 7 za kuwasilisha pingamizi la urais, siku 14 za Mahakama ya Juu kuamua. Ndivyo uchaguzi wa urais ulivyobatilishwa tarehe 1 Septemba 2017. Mwaka 2022 fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, kila mtu akajumlisha mwenyewe. Vifo havikukoma, maana 2017 polisi waliua watu Kisumu na hapa Nairobi, lakini mitaa mingi haikugeukiana.

Na usikubali kuambiwa kwamba ni chuki ya mababu. Mapigano ya Bonde la Ufa yalianza Oktoba 1991, shamba la Meteitei huko Nandi, vyama vingi vilipokuwa vinabisha hodi, yakafuata kalenda ya uchaguzi wa 1992. Likoni, kule Mombasa, ililipuka Agosti 1997, miezi michache kabla ya kura. Chuki ya mababu isingejua tarehe za uchaguzi. Anayezijua ni yule anayelipa mafuta ya lori na chakula cha vijana.

Mtaani mapigano huanza kwa maneno. Jirani huitwa doadoa au kwekwe, kitu cha kufutwa au kung'olewa. Rwanda neno lilikuwa mende, likirushwa na redio ya RTLM kuanzia 1993, na kitambulisho kilitaja kabila, hivyo kwenye vizuizi vya barabarani kazi ya kuua ikawa rahisi. Baada ya neno huja kikaratasi chini ya mlango usiku: hameni. Mmoja analala na panga kwa hofu, wa pili analiona panga, naye ananunua lake. Wote wawili hawataki vita.

Hapo ndipo wapangaji wa ploti moja wanaweza kufanya kitu, na ni kabla ya kura. Wakubaliane nani atampigia simu nani, na kwamba habari ya "wetu wameuawa" haisambazwi mpaka apatikane mtu aliye pale pale. Familia ikianza kuhamisha vyombo usiku, iulizwe kesho yake asubuhi imeambiwa nini na nani. Kikaratasi kisichanwe, kipelekwe kwa mzee wa mtaa wa kila upande siku hiyohiyo, wakisome pamoja.

Wenzako wakirudia maneno yao, waulize kwa upole kuhusu Zanzibar, Januari 2001. Lugha moja, dini karibu moja, na watu waliuawa kwa sababu ya uchaguzi.

Mama yako,
Nairobi