Kusadikika au Kufikirika, aanze na ipi?

Dada, umeuliza mdogo wako wa kidato cha pili aanze na ipi kati ya riwaya za Kusadikika na Kufikirika za Shaaban Robert. Aanze na Kusadikika, mi sisiti kabisa. Mzee ni wetu huyu, kazaliwa Vibambani hapahapa Tanga 1909, na hiyo ndo niliisoma kwanza, barazani kwetu Ngamiani, mpaka naitwa kula sisikii. Humo mhusika mkuu, Karama, kashtakiwa na waziri Majivuno kisa tu anataka watu wafundishwe sheria, basi siku sita anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, kila mmoja katumwa mbali karudi na mawazo ya kuijenga nchi halafu anafungwa, yani ukifika kwa mjumbe wa tatu roho inakuuma na bado unataka kujua wa nne kafanywaje. Kufikirika, iliyotoka mzee keshafariki, nzuri pia, mfalme hana mtoto, akimpata anaumwa, waganga wanataka kafara ya mjinga na mwerevu. Ila mawaidha yake marefu, mtoto atachoka. Akimaliza ya kwanza niambie nimwazime Kufikirika yangu, jalada limechanika lakini kurasa zote zipo.