Vidoti nilivyoviita vumbi

Jana nimemkuta mdogo wetu mmoja mpya kwenye hudi, lile kabati la hewa safi la kushughulikia seli maabara, flaski ya seli iko wazi, anamsimulia mwenzake mechi ya juzi. Nikamuuliza hizo seli amezipima lini mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaovamia seli za maabara. Akaniinulia flaski kwenye mwanga, nione media, yaani maji ya lishe ya seli: "Mbona safi tu, Dokta? Media haijachafuka." Nikatoka nje kunywa maji. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kujiamini hivyo hivyo. Basi kaeni niwaambie, nitaweka namba ili msinipotee.

1. Kugandisha seli ni polepole, kuyeyusha ni haraka. Mkigeuza, mtazika.

2. DMEM, aina ya media, ile yenye glukosi nyingi ina milimoli 25 za sukari hiyo kwa lita. Damu ya mtu aliyeamka na njaa ina kama 5. Sasa mtu analea seli kwenye sharubati, halafu ananijia mbio kwamba mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, zimelala na laktati (asidi ya laktiki) imefurika. Zitaachaje? Mwanabiokemia Otto Warburg alishaona tangu miaka ya 1920 kwamba uvimbe wa saratani hutoa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo, kwa hiyo habari hiyo si mpya. Badilisha glukosi kwa galaktosi, sukari nyingine, kwanza, uone kama hazitaamka.

3. Mikoplazma. Hapa naomba msinicheke, au chekeni kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu. Nimezima jeni moja kwenye seli za HepG2, za saratani ya ini, na asidi amino iitwayo arginini ikawa inaisha kwenye media kwa kasi ya ajabu huku nyingine, sitrulini, inapanda. Kontroli, yaani seli za kulinganishia ambazo jeni haikuzimwa, kimya. Usingizi ulinipaa kwa furaha. Nikajenga hadithi: jeni ikizimwa, kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki kutoka kwenye arginini kinaamka, na sitrulini ndiyo masalio. Msimamizi akasema, pima nitriti, alama ya oksidi hiyo. Nikapima, haikupanda hata chembe. Mwenye akili zake angesimama hapo. Mimi nikasema kipimo hakina makali, nikatafuta Kiingereza cha kulipamba jambo hilo, nikalichapa kwenye bango la mkutano.

Miezi tisa nzima. Lakini si miezi iliyoniuma. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba niliviona. Nilizipaka seli rangi ya DAPI, viini vikang'aa buluu vizuri, na nje ya viini kuna vidoti, vidoti, kama chumvi iliyomwagika mezani. DAPI inashika DNA. Nilijua, na nilikuwa nawafundisha hivyo wa shahada ya kwanza. Nikaona picha haipendezi, nikachezea kontrasti mpaka vikapotea, na kwenye daftari nikaandika neno moja: vumbi.

Fundi sanifu wetu, mzee mmoja mpole aliyekaribia kustaafu, akapita nyuma ya kiti changu siku nimefungua picha ghafi. Akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu, vumbi gani lina DNA?"

PCR, kipimo cha kusaka DNA, ya kesho yake ilitoa bendi nene kama mkanda wa askari: mikoplazma. Kontroli zilikuwa safi kwa sababu nilizilea kwenye inkubeta nyingine. Arginini yangu ilikuwa inaliwa na bakteria. Wanaivunja kuwa sitrulini na amonia ili wapate nishati. Umetaboli niliupima kweli, tena vizuri, ila wa kiumbe nisiyemjua. Penisilini haikunisaidia maana hawana ukuta wa seli wa kushambuliwa. Chujio la mikromita 0.22 wanalipenya. Media hawaichafui. Na mmoja wao, Mycoplasma orale, makazi yake ni kinywani mwa binadamu, ndiyo maana sitaki habari za mechi juu ya flaski iliyo wazi.

Nilipokwenda kukiri, msimamizi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama lile bango bado ninalo. Akaniambia nilibandike ukutani, juu ya hudi yangu. Lilikaa hapo mpaka nilipohitimu.

4. Hakikisha seli zako ndizo zenyewe, fanya STR, kipimo cha alama za DNA. Mwaka 1966 mwanajenetiki Stanley Gartler alionyesha kwamba laini kadhaa za seli watu walizodhani ni za tishu tofauti zilikuwa HeLa, seli zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks mwaka 1951. Watu walikasirika sana. Seli hazikujali.

5. Namba ya pasaji, yaani seli zimehamishiwa flaski mpya mara ngapi, iandikwe ubavuni mwa flaski. Mkiandika kwenye kifuniko, siku vifuniko vikibadilishana mtanililia.

6. Nitrojeni ya Ijumaa, ile ya kuongeza kwenye tangi la seli zilizogandishwa, haina "nilidhani mwenzangu ameongeza". Hapa nilikuwa na kisa kingine, ila mwenye kisa yupo na anasoma.

Yule wa mechi nimemchukulia sampuli mwenyewe. Tumeweka kwenye PCR asubuhi, yeye amekaa mbele ya mashine kama anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Barakoa amevaa. Nimempelekea chai, lakini nimemwambia anywee nje.