Nani kajitenga kwenye kura za barza?

SUALI: Assalaam aleikum. Barzani kwetu Wete tuko wanane, na kila Jumatatu kila mtu anapanga timu 10 bora za Zanzibar, kama waandishi wa michezo wa Marekani wanavyopanga timu 25 bora za vyuo. Tutajuaje nani anapanga mbali na wenziwe?

JIBU: Waaleikum salaam. Kule wa 1 hupata pointi 25, wa 25 pointi 1. Nyinyi wa 1 mpeni 10, mshuke hadi wa 10 apate 1. Timu iliyoachwa ni 0.

Chukueni kura ya mtu mmoja, mtafute wastani wa wale saba waliobaki. Yeye mwenyewe asiingie: kwa watu wanane tu, kura yake huuvuta wastani upande wake na tofauti ikaonekana ndogo. Tuseme saba wameipa Mlandege jumla ya 63, wastani 9, yeye kaiacha. Tofauti 9. KMKM wastani 8, yeye kaipa 10: tofauti 2. Jumlisheni tofauti za timu zote zilizotajwa, hata na mtu mmoja, bila kujali alama ya kutoa.

Jumla kubwa pekee haisemi kitu. Ikiwa timu moja ndiyo iliyoibeba, mara nyingi mtu kaisahau tu, muulizeni kwanza. Ikitawanyika, basi anapima kwa kigezo chengine, pengine mabao badala ya ugumu wa wapinzani, na huyo msimlaumu.

Mapenzi ya timu yanataka hesabu nyengine: hapo alama ya kutoa na kujumlisha ibakie. Anayeipa timu ya Jamhuri zaidi ya wenziwe wiki tano mfululizo, ishinde ishindwe, anajulikana.